Usiing'oe Lipa Namba, Tenganisha Pesa

Wadogo zangu wa Nachingwea na Ruangwa, leo tunaongea jambo moja tu, maana ujumbe mwingi unaotoka huko unauliza hilohilo. Mmoja wenu anayeuza mchele, sabuni na mafuta ya kupima pale Nachingwea kaandika hivi: "Dada, ni kweli hela ikiingia kwa Lipa Namba TRA wanaiona? Jirani yangu ameshabandua karatasi yake ukutani, sasa anapokea mkononi tu. Na mimi nibandue?" Mama lishe wa Ruangwa kauliza swali lilelile, ila yeye kaongeza: "Halafu laini ninayopokelea ni ya mume wangu."

Sitawazungusha. Msibandue. Ukibandua leo, mteja aliyetoka Naipanga na hela yake yote iko kwenye simu atakupita aende duka la pili, na miamala ya miaka iliyopita haifutiki kwa sababu karatasi imetoka ukutani. Kinachowaponza wengi si Lipa Namba. Ni kuwa na laini moja inayopokea hela ya duka, michango ya kikoba, ada ya mtoto aliyotuma kaka kutoka Dar, na mkopo, vyote humohumo. Anayeisoma laini hiyo akiwa mbali halioni duka lako. Anaona jumla.

Tuelewane kwanza taarifa zinafikaje. Laini yako ilisajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Mnazikumbuka zile foleni za kuelekea Januari 20, 2020, siku laini zisizosajiliwa zilipoanza kuzimwa. TIN nayo inaombwa kwa namba ileile ya NIDA. Ukienda kuomba Lipa Namba ya biashara unaulizwa kitambulisho, na mara nyingi TIN na leseni pia. Kwa hiyo laini, TIN na Lipa Namba ni vitu vitatu, mwenye navyo ni mmoja. Hela ikiingia, kampuni ya simu au benki inaandika tarehe, saa, kiasi na jina la aliyetuma, na inatunza.

Sasa, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa Kamishna Mkuu wa TRA mamlaka ya kumtaka mtu yeyote atoe taarifa zinazohusu kodi, hata kama ni kodi ya mtu mwingine. Huyo "mtu yeyote" ni pamoja na benki na kampuni ya simu. Akiandika barua kuitisha miamala yako, kampuni haiwezi kujibu kwamba mteja wao ni mtu mwema wamwache. Kwa hiyo aliyekwambia kwamba miamala inaweza kuonekana hajakudanganya. Aliyekudanganya ni yule aliyesema ukipokea mkononi unakuwa salama, kwa sababu mauzo ni mauzo, yawe ya simu au ya noti, na sheria haiyatofautishi.

Wengine wananiandikia wamechanganya hili na tozo. Ile tozo ya miamala iliyoanza Julai 15, 2021, ikazua kilio nchi nzima mpaka ikapunguzwa zaidi ya mara moja, ilikuwa inakatwa kwenye muamala wenyewe bila kujali wewe ni mkulima, mwanafunzi au mwenye duka. Kodi ya mapato ni habari nyingine. Yenyewe inaitazama biashara yako: kwa mwaka mzima umeuza kiasi gani.

Huko nje wamekwenda mbali kuliko sisi. Marekani, kampuni zinazopokea malipo kwa niaba ya wafanyabiashara hupeleka taarifa mamlaka ya kodi kwa fomu iitwayo 1099-K. Mwaka 2021 walishusha kiwango cha kuripotiwa kutoka dola 20,000 na miamala zaidi ya 200 hadi dola 600 tu. Wafanyabiashara wadogo wakapiga kelele, utekelezaji ukaahirishwa mwaka hadi mwaka, na Julai 2025 wakarudi kwenye kiwango kilekile cha zamani. Umoja wa Ulaya umeyataka majukwaa ya mtandaoni kuripoti wauzaji wao tangu Januari 2023. China, Juni 2025, ilitoa kanuni za kuyalazimisha majukwaa kupeleka majina na mapato ya wauzaji kila robo mwaka. Jirani zetu Kenya nao mwaka huohuo walivutana: muswada wa fedha ulitaka kukiondoa kifungu kinachoizuia mamlaka yao ya kodi, KRA, kudai taarifa binafsi za wateja, kamati ya fedha ya Bunge ikagoma.

Nimewapitisha huko kwa sababu kuna kitu kimoja wenzetu wanacho na mimi nakitaka kwa nguvu zote kije kwetu. Marekani, fomu ikienda kwa mtu wa kodi, nakala yake inakwenda kwa mfanyabiashara. Ulaya ni hivyohivyo: jukwaa likiripoti, muuzaji naye anapewa kilichoandikwa juu yake. Anasoma, akiona kosa anasema mapema. Muuza mchele wa Nachingwea anastahili heshima hiyohiyo. Haifai ajue kwamba miamala yake imesomwa siku ile anapokabidhiwa makadirio. Tume ya Rais ya maboresho ya kodi, iliyozinduliwa Oktoba 2024 chini ya Balozi Ombeni Sefue, iliundwa kusikiliza mambo kama haya, na mimi ningependa sauti za wafanyabiashara wadogo wa Kusini zisikike kwa uzito uleule wa Kariakoo. Mei 2023 Kariakoo walipofunga maduka, Waziri Mkuu wa wakati huo aliyekwenda kuwasikiliza pale Mnazi Mmoja alikuwa Kassim Majaliwa, mbunge wa Ruangwa. Malalamiko mengi yaliyosemwa mbele yake yalikuwa ya namna kodi inavyokadiriwa na kudaiwa. Yaleyale mnayoniandikia ninyi.

Mpaka nakala hiyo ije, inabidi uwe nayo ya kwako. Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri.

Mfanyabiashara mdogo asiye na kumbukumbu anakadiriwa. Zamani ofisa alikadiria kwa macho: ukubwa wa fremu, mzigo ulio kwenye shelfu, maneno ya jirani. Leo akiwa na taarifa ya miamala mkononi, anakadiria kwa karatasi hiyo. Na kama wewe huna karatasi yako, ile ya kampuni ya simu ndiyo itakayokusemea, nayo haijui kikoba, haijui kaka, haijui mkopo. Imeandika "umepokea" basi.

Chukueni mfano huu, nimeutunga kwa hesabu za kawaida za duka la mtaani. Mwezi mmoja laini imepokea shilingi 1,150,000. Ndani yake, mauzo ni 430,000. Michango ya kikoba, kwa sababu wewe ndiye mweka hazina, ni 400,000. Ada ya watoto aliyotuma kaka ni 220,000. Mkopo ni 100,000. Mbali na simu, umeuza kwa noti 70,000. Mauzo yako ya kweli mwezi huo ni 500,000, yaani milioni 6 kwa mwaka kama miezi yote ingefanana. Lakini anayesoma laini peke yake anazidisha 1,150,000 mara 12 na kupata milioni 13.8.

Tazama tofauti inavyouma. Kwa jedwali la Sheria ya Fedha ya 2022, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka halipi kodi hiyo ya mapato. Kati ya milioni 4 na milioni 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000, na mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na milioni 11, asiye na kumbukumbu 250,000. Mwenye kumbukumbu 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Ukivuka milioni 11 unaingia daraja jingine, na mashine ya risiti ya EFD inakuhusu. Kwa hiyo huyu mwenye duka wa mfano wetu, mwenye daftari, analipa asilimia 3 ya milioni 2, yaani 60,000, ambayo kwa awamu nne ni 15,000 kila awamu. Bila daftari analipa 100,000 kwa mauzo yaleyale. Na bila daftari huku amechanganya laini, anaweza kujikuta anajieleza kwa nini hana EFD, wakati mauzo yake ni zaidi kidogo tu ya nusu ya kiwango chenyewe. Viwango hivi Bunge linaweza kuvigusa kila Juni, na vipya huanza Julai, kwa hiyo kila mwaka pita ofisi ya TRA ukaulize jedwali linalotumika. Kuuliza hakulipiwi, na TIN yenyewe inatolewa bure.

Kuna kitu hapa kinaniudhi na sitakificha. Jedwali hilo linatazama mauzo, halitazami faida. Anayeuza sukari na unga wa sembe anabakiwa na kidogo sana kwenye kila mfuko, na anayeuza chakula alichopika mwenyewe anabakiwa na zaidi, lakini wakifikisha mauzo sawa wanalipa sawa. Ndiyo maana kila shilingi isiyo mauzo ikihesabiwa kama mauzo, inakula kwenye faida ambayo tayari ni nyembamba. Mwenye duka kubwa la jumla ana mhasibu wa kumtetea. Wewe unajitetea mwenyewe, tena siku ambayo umefunga duka ili uende ofisini.

Kwa hiyo tenganisha. Laini moja, au Lipa Namba moja, iwe ya kuuzia tu. Wape wateja hiyo, ibandike ukutani hiyo, na siku hizi msimbo wa TANQR unamwezesha mteja wa mtandao wowote au benki kulipa palepale, huna haja ya kubandika karatasi za kila kampuni. Laini nyingine iwe ya nyumbani: kaka akutumie huko, mama mkwe akutumie huko. Mwambie kila mtu mapema, na akikosea akatuma kwenye ya duka, iandike siku hiyohiyo kabla hujalala: nani, kiasi gani, ya nini.

Ya kikoba ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu wanawake wengi mmebeba hazina za wenzenu kwa moyo mzuri. Watu ishirini wanatuma hisa na marejesho kwenye simu yako, mwisho wa mzunguko mnagawana, na wewe umebaki na jina la mtu aliyepokea mamilioni. Kikoba kiwe na akaunti yake au laini yake, kwa jina la kikundi, na kisajiliwe halmashauri kwa ofisa maendeleo ya jamii. Usajili huo una faida nyingine pia: ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inakopeshwa kwa vikundi vilivyosajiliwa. Kama kikundi hakijafika huko, basi daftari la kikoba lenye saini za wanachama litunzwe, na kila mkutano jumla ya michango iandikwe na watu wawili waweke saini. Karatasi hiyo ndiyo itakayosema kwamba zile 400,000 hazikuwa zako.

Msimu nao una mambo yake, na huko kwenu msimu ndio kila kitu. Ukiuza ufuta, mbaazi au korosho kupitia AMCOS, chama chenu cha msingi cha ushirika, chini ya chama kikuu cha RUNALI, mnada ukapita na malipo yakaingia benki, halafu ukahamisha milioni mbili kwenda kwenye simu ili ukanunue mzigo wa duka, kwenye taarifa ya simu inasomeka umepokea milioni mbili. Hayo si mauzo ya duka. Ni mtaji, umetoka shambani. Stakabadhi ya ghala na karatasi ya malipo ya AMCOS uzibane pamoja, uandike kwa kalamu juu yake tarehe uliyohamisha hela. Nimeona watu wanafungia vitumbua kwa karatasi hizo. Naomba sana msifanye hivyo.

Na wewe unayetumiwa hela na mnunuzi wa mbali ili umkusanyie korosho vijijini nje ya mfumo, nitakwambia kama ninavyomwambia mdogo wangu wa damu: acha. Biashara hiyo, kangomba, imekatazwa, hilo unalijua. Ambalo pengine hujalifikiria ni kwamba yeye jina lake haliko popote. Laini ni yako, NIDA ni yako. Milioni zinapita kwako, unabaki na kamisheni ya kununulia doti ya kanga, na swali la kodi likija linagonga mlango wako.

Mawakala wa kutoa na kuweka pesa, ninyi msiogope bure. Floti si mapato yenu, mapato yenu ni kamisheni, na kwenye kamisheni kampuni inazuia asilimia 10 ya kodi kabla haijawafikia. Tatizo linakuja pale wakala anapopitisha floti kwenye laini yake binafsi kwa sababu ya haraka, au anapouza vocha, soda na kutoa pesa kwa droo moja. Chukua taarifa ya kamisheni ya kila mwezi, uitunze, na uchunge isipotee, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kwamba kodi ilishazuiwa.

Nirudi kwa mama lishe wa Ruangwa na laini ya mume. Dada, hili lishughulikie wiki hii. Kila sahani ya wali maharage unayouza inaandikwa kwa jina la mumeo. Kama yeye ameajiriwa au ana biashara yake, mauzo yako yanaonekana kama mapato yake ya pembeni. Na wewe ambaye unaamka usiku kuwasha jiko, kwenye karatasi hujawahi kuuza hata chapati. Ukienda kuomba mkopo huna historia. Siku mkikosana, Mungu aepushe, au akitangulia mbele za haki, hela iliyomo si yako kwa maandishi. Simsemi mumeo vibaya, nasema jina lako liwe kwenye jasho lako. Chukua kitambulisho chako cha NIDA, nenda dukani kwa kampuni ya simu, sajili laini yako, omba Lipa Namba kwa jina lako. Ukiwa huko piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta laini usiyoijua, iripoti ifungwe, maana na hiyo ikipokea hela inapokea kwa jina lako. Na ninyi mliowakopesha wadogo zenu au wapangaji laini zenu, somo ni hilohilo.

Sasa daftari. Najua mkisikia kumbukumbu mnafikiria kompyuta na mhasibu. Counter book ya quire mbili inatosha, ile yenye jalada gumu. Fungua ukurasa, piga mistari. Upande wa kushoto tarehe, halafu mauzo ya simu, mauzo ya noti, manunuzi ya mzigo, na mwisho "nyingine", humo ndimo inakaa kila hela iliyoingia ambayo si mauzo, na mbele yake maneno mawili ya kueleza: "ada Juma", "mkopo Songesha", "toka AMCOS". Jioni, kabla ya kufunga, fungua simu, soma miamala ya siku, andika. Siku ya kwanza itakuchosha. Mwisho wa mwezi, omba taarifa ya miamala kwenye programu ya simu au dukani kwa kampuni, ilinganishe na daftari. Zikipishana, tafuta palipopishana wakati bado unakumbuka. Aliyekuja kununua mafuta ya elfu tatu akatuma elfu thelathini kwa bahati mbaya ukamrudishia, unamkumbuka wiki hii. Baada ya miaka miwili humkumbuki, na sheria inakutaka utunze kumbukumbu miaka mitano.

Risiti za jumla unakonunua mzigo nazo zidai. Mfanyabiashara mkubwa anayekwambia "bila risiti nakupunguzia" anajipunguzia yeye. Wewe anakuacha bila ushahidi wa ulichotumia.

Mkiuza kwa WhatsApp na Instagram, vitenge, wigi, asali, korosho za kukaanga za kutuma Dar, msidhani hamhusiki kwa kuwa hamna fremu. Mwaka 2025 TRA iliwataka wafanyabiashara wa mtandaoni wajisajili na wapate TIN kama wengine. Na ninyi mna faida moja juu ya wenye fremu: oda zenu zimeandikwa kwenye simu tayari. Kinachotakiwa ni kuzihamishia kwenye daftari kabla simu haijaanguka kwenye ndoo ya maji.

Ofisa akija dukani, msalimie, mpe kiti. Muulize kitambulisho cha kazi, andika jina lake na tarehe. Akitaka kumbukumbu, mwonyeshe daftari na risiti. Akitaka maelezo zaidi, muombe aandike anachokihitaji ili ujibu kwa maandishi. Namba yako ya siri ya simu haimhusu yeye wala mtu mwingine yeyote. Sheria ya kodi inamfunga kutunza siri ya taarifa zako, na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, yenye tume yake ya kupokea malalamiko, kwa hiyo hata wa kampuni ya simu anayemchungulia dada fulani miamala yake akaitoa vijiweni, anashtakika.

Wapo pia matapeli, na hofu hii imewapa kazi. Wanapiga simu: "Tunaongea kutoka TRA, miamala yako imeonekana, tuma laki moja tukufutie." Kata simu. Malipo ya serikali yanakwenda kwa kontrol namba, hayaendi kwa namba ya mtu. Anayekwambia kodi inafutwa kwa kutuma hela kwenye laini yake ni mwizi, hata kama ameyajua majina yako yote matatu.

Na ikija barua ya makadirio ambayo huikubali, usiikunje ukaiweka chini ya godoro. Hesabu siku kuanzia uliyoipokea. Una siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi kwa Kamishna. Pingamizi linataka ulipe kwanza theluthi moja ya kilichokadiriwa, au kile unachokubali kwamba unadaiwa, chochote kilicho kikubwa. Kama huna uwezo huo, unaweza kuomba upunguziwe au usamehewe amana hiyo, na ombi hilo lazima liwe na sababu. Ambatisha nakala za daftari, daftari la kikoba, karatasi ya AMCOS, taarifa ya kamisheni. Ukikataliwa bado kuna Bodi ya Rufani za Kodi, na kwa malalamiko ya namna ulivyotendewa kuna ofisi ya usuluhishi wa malalamiko ya kodi, TOST. Aliyebaki na siku mbili kati ya zile 30 asisubiri Jumatatu, aende leo na alichonacho.

Yule wa Nachingwea aliyeniuliza kama abandue, nimemwomba anitumie picha ya ukurasa wake wa kwanza wa daftari mwezi ukiisha, nimsaidie kupanga hiyo safu ya "nyingine". Yeyote mwingine anayetaka tuangalie lake, awe wa Mnero au wa Mbekenyera, atume, ila afunike majina ya wateja na namba zao kwanza. Awamu ya kwanza ya kodi inaisha Machi 31, zinazofuata ni mwisho wa Juni, Septemba na Desemba, kwa hiyo tuyamalize haya kabla msimu haujawakamata mkakosa hata muda wa kula.